Joseph Fourier: Yatima Aliyetufundisha Kuyasoma Mawimbi



 Kabla sijakusimulia habari za mtu huyu, hebu kumbuka usiku ule wa kungoja mwezi kuandama. Nyumba nzima iko kimya, watoto wamekatazwa kupiga kelele, kila mtu ametega sikio kwenye redio au simu akingoja tangazo. Sauti ya mtu mmoja aliyekaa Nairobi au Mombasa yakufikia wewe uliyeko Lamu, Garissa, Mumias ama Kisumu, tena neno kwa neno. Je, umewahi kujiuliza ile sauti ilipitaje? Angani kuna redio ngapi na simu ngapi, na zote zimechanganyika katika hewa hiyo hiyo moja! Simu yako imejuaje kuchagua sauti unayoitaka na kuziacha nyingine?

Jawabu ni refu, lakini ukilifuata mpaka kwenye mzizi wake utamkuta mtoto yatima wa fundi wa kushona nguo katika mji mdogo wa Ufaransa, mtu aliyekufa mwaka 1830, miaka mingi kabla redio yoyote haijasikika duniani. Jina lake ni Jean Baptiste Joseph Fourier.

Najua utaniuliza: mbona Mfaransa, na katika jarida la Ramadhan? Tumezoea kusoma habari za al-Khwarizmi, Ibn Sina na Ibn al-Haytham. Swali lako ni zuri, hata mimi nilijiuliza, na nitakujibu huko mbele kwa sababu mtu huyu alikanyaga ardhi ya Waislamu na hakuja kama mgeni aliyealikwa. Ila jambo lililonipeleka kwake mwanzo ni la kawaida tu. Kompyuta ilinigomea.

KAZI ILIYONISHINDA

Mimi nasoma uhandisi wa umeme na mawasiliano. Katika mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hupewa kazi yake ya kufanya, na mimi nilipewa fungu la fankisheni za kuunda mfano wa mawimbi. Usiogope maneno haya. Maana yake ni kwamba unachukua wimbi lililorekodiwa, ambalo ndani ya kompyuta ni maelfu ya nambari tu zilizopangwa foleni, kisha unatafuta nambari chache ambazo zaweza kulizaa wimbi hilo upya. Ni kama mpishi anayeonja pilau akakwambia bizari kiasi gani, mdalasini kiasi gani na hiliki kiasi gani.

Fankisheni zile zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ya Matlab. Matlab ni nzuri lakini leseni yake hununuliwa, na sisi tulitaka ifanye kazi kwenye laptopu zetu za nyumbani. Basi nikaambiwa nizihamishe hadi lugha ya Python, ambayo ni ya bure. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Unatoa neno hapa unaweka pale, kwisha! Wallahi ilinichukua miezi miwili.

Makosa ya kwanza yalikuwa mepesi. Matlab huanza kuhesabu vitu kwa 1, Python huanza kwa 0, kwa hivyo kila mahali nikawa nimekosea hatua moja. Tena kuna kipimo cha mtawanyiko wa nambari. Usipoiambia vingine, Matlab hugawanya kwa idadi ya vipimo ukitoa 1, lakini maktaba ya hesabu ya Python niliyoitumia hugawanya kwa idadi yote. Neno moja, jina moja, jawabu mbili. Hayo niliyarekebisha. Likabaki kosa moja la ajabu. Nikiipa programu sauti ya mtu akisoma, Matlab na Python zilinipa jawabu moja. Nikiipa mawimbi ya redio yaliyonaswa hewani, kila moja ilinipa jawabu lake. Programu ni ile ile, mstari kwa mstari!

Nilikaa na kosa hilo siku nyingi. Nilipochoka na mistari ya programu nikaanza kusoma habari za watu walioanzisha hesabu zile, na ndipo nikakutana na Fourier. Mwisho wa kosa langu nitakwambia. Kwanza twende Auxerre.

YATIMA WA AUXERRE

Joseph Fourier alizaliwa tarehe 21 Machi 1768 katika mji wa Auxerre. Baba yake alikuwa fundi wa nguo mwenye watoto wengi. Joseph hajatimiza miaka kumi mama yake akafariki, na haukupita muda baba naye akafuata. Akabaki yatima.

Sisi tunajua uzito wa neno yatima, ndugu yangu. Basi zingatia kilichomwokoa mtoto huyu: watu wa mji wake hawakumwacha. Alipata nafasi katika shule ya kijeshi ya Auxerre, shule iliyoendeshwa na watawa wa Kibenediktino. Huko akaonyesha akili, na alipofika umri wa miaka 13 au 14 hesabu zikamteka moyo kabisa. Fikiria, kama watu wale wangesema huyu si mtoto wetu, leo dunia ingekosa nini?

Alipokua alitamani kuwa afisa wa mizinga, lakini katika Ufaransa ya wakati ule mambo hayo yalikuwa ya watoto wa mabwana. Mtoto wa mshona nguo alikuwa na milango miwili: ualimu au utawa. Fourier akaenda kwenye nyumba ya watawa ya Saint-Benoît-sur-Loire kujiandaa kula kiapo. Hakukila. Mwaka 1789 mapinduzi ya Ufaransa yakalipuka, akaondoka na kurudi Auxerre kufundisha shule ile ile iliyomlea.

JELA NA DARASA

Vijana wengi wa wakati ule waliyapenda mapinduzi kwa kuwa yaliahidi usawa, na Fourier alikuwa mmoja wao. Aliingia katika kamati ya mapinduzi ya mji wake. Lakini mapinduzi yale yakaanza kula watoto wake mwenyewe. Watu wakakatwa vichwa kwa maelfu. Fourier aliwatetea watu waliotuhumiwa, na mwaka 1794 yeye mwenyewe akatiwa jela. Alikuwa na miaka 26 tu na kifo kilikuwa mlangoni. Kilichomwokoa ni kwamba mwezi wa Julai mwaka huo mtawala mkali Robespierre alianguka na kukatwa kichwa yeye, na wafungwa wengi wakafunguliwa.

Kutoka jela akaenda darasani. Mwaka 1795 shule mpya ya walimu ilifunguliwa Paris, na Fourier akachaguliwa kuwa mwanafunzi wake. Walimu wake walikuwa Lagrange, Laplace na Monge, vigogo wa hesabu wa Ulaya nzima. Mwaka huo huo akaanza kufundisha katika shule ya uhandisi ya École Polytechnique, na mwaka 1797 akashika nafasi ya Lagrange mwenyewe.

Hapo alikuwako mwalimu mwingine, mhandisi Gaspard de Prony, ambaye mwaka 1795 alionyesha njia ya kuchukua vipimo vichache na kuvigeuza kuwa jumla ya mikondo inayopanda au kufifia. Kumbuka jina hilo. Mojawapo ya fankisheni nilizokuwa nikihamisha katika Matlab jina lake ni prony. Mtu amekufa mwaka 1839, na jina lake ni amri unayoiandika kwenye kompyuta hadi leo.

MISRI, NA SWALI LISILOKWEPEKA

Sasa tufike pale nilipokuahidi. Mwaka 1798 Napoleon Bonaparte aliivamia Misri. Alibeba askari na mizinga, tena akabeba na wanazuoni zaidi ya mia moja na hamsini: wahandisi, wachoraji, waganga, watu wa hesabu. Fourier alikuwa miongoni mwao. Jeshi lilishuka karibu na Iskandaria mwanzoni mwa Julai, na kabla mwezi haujaisha Cairo ikawa mikononi mwao. Mwezi Agosti wakaanzisha Taasisi ya Misri, na Fourier akawa katibu wake wa kudumu.

Tusifichane. Mwezi Oktoba 1798 watu wa Cairo waliinuka dhidi ya uvamizi. Wafaransa waliupiga mizinga mtaa wa al-Azhar, kisha askari wakaingia ndani ya msikiti na farasi zao. Maelfu ya watu waliuawa. Mwaka 1800 kijana kutoka Halab aliyekuwa amesoma al-Azhar, Sulayman al-Halabi, alimuua jenerali Kléber, mkuu wa jeshi la Wafaransa. Kijana huyo aliuawa kwa mateso makubwa, na katika mazishi ya Kléber aliyesimama kutoa hotuba ya kumsifu jenerali alikuwa Fourier huyu huyu.

Niliposoma hapo niliufunga ukurasa. Nikajiambia, basi, mtu huyu simuandiki. Sikatai, Fourier hakushika bunduki, lakini lau si bunduki zile asingekaa Cairo akiandika kumbukumbu za vikao vya wanazuoni. Unaweza kunufaika na elimu ya mtu ambaye kalamu yake ilisafiri nyuma ya mzinga?

Aliyenisaidia ni mwanahistoria wa Misri, Sheikh Abdurrahman al-Jabarti. Yeye alikuwa Cairo miaka hiyo na aliyaona kwa macho yake. Aliandika kwa uchungu juu ya farasi kuingia al-Azhar na hakuwapunguzia Wafaransa hata kidogo. Lakini mtu huyo huyo aliingia katika maktaba ya ile Taasisi, akaangalia vitabu na vyombo vyao, akashuhudia majaribio ya kemia na umeme, na akaandika wazi kwamba mambo aliyoyaona yalimshangaza. Hakuacha dhulma imfiche elimu, wala hakuacha elimu imfiche dhulma. Kila kitu akakiita kwa jina lake. Mimi nimeona huo ndio uadilifu, na ndivyo nataka wewe nawe umsome Fourier.

Napoleon alitoroka Misri mwaka 1799, akawaacha watu wake. Fourier alibaki hadi 1801.

GAVANA ANAYEPIKA CHUMA

Aliporudi Ufaransa alitaka kuendelea kufundisha, lakini Napoleon alikuwa na mipango yake. Mwaka 1802 akamfanya mkuu wa mkoa wa Isère, makao yake Grenoble, chini ya milima ya Alps. Kazi ya serikali kutwa kucha! Na aliifanya vizuri. Alisimamia kukausha madimbwi makubwa ya Bourgoin yaliyokuwa yakiwaletea watu homa, na akaanzisha barabara ya kutoka Grenoble kuelekea Turin huko Italia.

Sasa wewe mwanafunzi mwenzangu unayesema huna wakati, sikiza. Katikati ya kesi za mashamba, kodi na barabara, mtu huyu alikuwa akifanya utafiti uliobadilisha dunia. Alitaka kujua joto linatembeaje ndani ya kitu. Ukitia ncha ya mwiko wa chuma motoni, baada ya muda mkono wako utaungua. Joto limefikaje huku? Limepita kwa kasi gani? Fourier alichukua pete ya chuma, akaipasha moto upande mmoja, akapima joto sehemu mbalimbali jinsi linavyosambaa na kupoa. Kisha akatafuta mlinganyo.

Ndipo alipotoa dai lake kubwa. Alisema mchoro wowote wa joto, hata uwe umepinda vipi, hata uwe na kona kali, waweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi laini yanayopanda na kushuka kwa mpango. Mawimbi hayo laini ndiyo wanahesabu huyaita saini (si saini ya mkono, hapana).

Nikupe mfano. Umewahi kukaa kwenye maulidi? Dufu lina sauti yake, tari lina yake, nai ina yake. Sikioni vinaingia pamoja, hewa ni moja na ngoma ya sikio ni moja, na bado unatambua hii ni nai na hili ni dufu. Fourier alisema hilo lawezekana kwa hesabu, tena kwa wimbi lolote. Chukua wimbi lenye umbo la mraba, linaloruka juu ghafla na kushuka ghafla kama ngazi. Anza na wimbi laini moja. Ongeza la pili lenye kasi mara 3 na kimo theluthi moja. Ongeza lenye kasi mara 5 na kimo cha moja kwa tano, kisha mara 7 na moja kwa saba, uendelee hivyo. Ukiyajumlisha, mabonde na vilima vinasawazika, na ile ngazi inaanza kujitokeza mbele ya macho yako. Chora kwenye karatasi uone!

MIAKA KUMI NA TANO YA SUBIRA

Tarehe 21 Desemba 1807 utafiti huo ulisomwa mbele ya wanazuoni wa Paris. Waliopewa kuuchunguza ni pamoja na walimu wake wa zamani, Lagrange, Laplace na Monge. Lagrange alikataa kabisa. Vipi ujumlishe vitu laini upate kona? Kwake haikuingia akilini. Utafiti haukuchapishwa.

Mwaka 1811 kukawa na tuzo juu ya somo hilo hilo la joto. Fourier akapeleka tena, ameuongezea, na akashinda. Lakini wachunguzi wakatia doa kwenye cheti: wakasema uthibitisho wake haukukamilika. Na safari hii pia haukuchapishwa upesi. Kitabu chake juu ya nadharia ya joto kilitoka mwaka 1822, miaka 15 baada ya kile kikao cha kwanza.

Katika miaka hiyo siasa nazo zilimzungusha. Napoleon alianguka mwaka 1814, akarudi 1815, na Fourier akajikuta katikati ya wafalme wawili bila kumridhisha yeyote. Alibaki Paris bila cheo wala mshahara, mpaka mtu mmoja aliyemjua tangu Misri akampa kazi katika ofisi ya takwimu. Mwaka 1816 Akademi ya Sayansi ikamchagua kuwa mwanachama, mfalme akakataa. Mwaka 1817 wakamchagua tena, mfalme akanyamaza. Mwaka 1822 akawa katibu wa kudumu wa Akademi hiyo iliyowahi kumkatalia.

Lakini nataka uelewe jambo moja. Lagrange hakuwa adui mwenye husuda tu. Doa lile lilikuwa la haki! Fourier alionyesha mifano mingi iliyofaulu, ila mfano kufaulu si sawa na kuthibitisha. Ilikuwa hadi mwaka 1829 ambapo kijana Dirichlet, aliyewahi kukaa Paris na kumjua Fourier, alitoa uthibitisho madhubuti unaoeleza ni katika masharti gani mawimbi hayo hujumlika sawasawa. Fourier alikuwa sahihi katika jambo kubwa, na waliomkosoa walikuwa sahihi kwamba kazi haijaisha.

Joto halikumtoka akilini maisha yake yote. Mwaka 1824 alieleza kwamba hewa inayoizunguka dunia huzuia joto lisitoroke lote, fikra ambayo leo ni msingi wa mazungumzo yote ya mabadiliko ya hali ya anga, pamoja na ukame tunaouona huku kwetu. Tangu arudi Misri alikuwa akihisi baridi sana, anavaa nguo nzito na kukaa vyumba vya moto. Hakuoa. Alifariki Paris tarehe 16 Mei 1830, akiwa na miaka 62. Jina lake ni moja kati ya majina 72 yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel.

KUTOKA LUGHA HADI LUGHA

Rudi nami Grenoble kidogo. Mjini humo walikuwako ndugu wawili wa ukoo wa Champollion, nao walikuwa karibu na Fourier. Mdogo wao, Jean-François, alikuwa kijana anayependa lugha kupita kiasi, akisoma Kiarabu na Kikopti. Mwaka 1799 Wafaransa walikuwa wamekuta jiwe katika mji wa Rashid huko Misri, jiwe lenye habari moja kwa maandishi ya aina tatu. Mwaka 1822, mwaka ule ule wa kitabu cha Fourier, Champollion alitangaza ufunguo wa maandishi ya kale ya Mafirauni. Watu wengi kabla yake walijaribu kubadilisha alama moja kwa neno moja wakashindwa. Yeye alitambua kwamba alama nyingine ni sauti na nyingine ni maana, na ukizichanganya umepotea.

Hata neno saini lenyewe lina kisa. Wahindi waliliita kwa jina la kamba ya upinde. Wanazuoni wa Kiislamu walipolichukua waliliandika kwa herufi za Kiarabu, jim na ba, bila irabu. Wafasiri wa Ulaya wa karne ya 12 walipoliona wakalisoma jaib, neno ambalo sisi wa madrasa twalijua: uwazi wa nguo kifuani. Wakalifasiri hivyo kwa Kilatini, sinus, na ndilo linalotumika duniani hadi leo. Jina lilikosewa njiani, lakini hesabu ilifika salama. Kwa nini? Kwa sababu hesabu waliirudia na kuipima upya, hawakulinakili neno peke yake.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Katika Matlab kuna alama ndogo kama ya mkato wa juu, unaiweka baada ya jina la jedwali la nambari. Mimi niliisoma kama amri ya kugeuza safu za kulala ziwe za kusimama, nikaweka katika Python amri ya kugeuza safu. Kumbe alama ile hufanya mambo mawili. Inageuza safu, na pia kama nambari ni zile za mapacha, zenye sehemu mbili, inageuza alama ya sehemu ya pili, chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya. Amri niliyoitumia mimi ya Python hugeuza safu tu.

Sasa unaona? Sauti ya msomaji ni nambari za kawaida, hazina sehemu ya pili, kwa hivyo hapakuwa na kitu cha kugeuzwa na majibu yalilingana. Mawimbi ya redio tuliyonasa kila kipimo chake ni pacha. Pale ndipo programu zikaachana njia. Neno moja tu nililoongeza, na baada ya miezi miwili nambari zikasimama pamoja. Nilisujudu sijda ya shukr palepale chumbani.

Lakini shukrani ikifuatwa na aibu. Nilikuwa nimekaribia sana kuikabidhi kazi ile baada ya majaribio ya sauti peke yake. Ningepata maksi zangu, na aje mwingine aitumie kwenye redio, apate jawabu la uongo bila kujua. Ungekuwa ni ule ule ugonjwa: mfano umefaulu, nikadhani nimethibitisha. Tangu siku hiyo fankisheni yoyote ninayoihamisha naijaribu kwa nambari za aina tatu. Rahisi, ngumu, na zile ambazo natarajia ziivunje.

Na mawimbi ya Fourier hayakukaa kwenye chuma. Mwaka 1965 Wamarekani Cooley na Tukey walichapisha njia ya kuifanya hesabu yake kwa haraka sana kwenye kompyuta, njia ambayo Gauss wa Ujerumani aliigundua tangu 1805 na kuiacha kwenye karatasi zake. Ukiwa na vipimo 1,024, njia ya kawaida inataka kuzidisha zaidi ya mara milioni moja, na njia ya haraka hushusha kazi hiyo hadi maelfu machache. Picha za JPEG na sauti za MP3 unazotumiwa kwenye simu hutegemea ndugu wa karibu wa hesabu hiyo. Ile qiraa unayoisikiliza ukingoja futari imepasuliwa kuwa mawimbi laini na kuungwa tena.

TUCHUKUE NINI?

Ndugu msomaji, mimi sikukusimulia ili umpende Fourier wala ili umchukie. Alilelewa akiwa yatima, akanusurika kifo, akafuata jeshi la uvamizi, akakausha madimbwi, akasubiri miaka 15. Yote ni yeye. Ukikuta elimu, ichukue na uijue vilevile ilikotoka na iliwapitia nani. Ukikosolewa, usikimbilie kusema ni husuda; huenda aliyekukosoa ameona nambari ambazo wewe hukuzijaribu. Na ukipewa amana ya kuhamisha kitu, iwe ni programu, ni tafsiri au ni salamu tu ya mtu, ihamishe maana yake, si umbo lake.

Na huko mtaani kwako kama yuko mtoto yatima anayechora nambari ukutani kwa mkaa, usimfokee. Mtafutie daftari.